Kisiwa cha Mvita na Maji Yaliyokizunguka

Watu walioihadithia taarikhi ya Mvita, kwa kalamu na kwa ulimi, aghalabu wameihadithia kwa majina ya watawala: Mwana Mkisi na Shehe Mvita katika zama za asili, kisha Wareno, kisha Maimamu wa Omani na Mazrui, na mwisho Waingereza na reli yao. Siyadharau majina hayo. Lakini kila nikiitazama ramani ya kisiwa kile nazidi kuamini kwamba hapana aliyekitawala ila kwa kufuata masharti ya jabali lake na maji yake, na kwamba aliyeyasahau masharti hayo, ajapokuwa na mizinga mingapi, hakukaa.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, eneo lake ni kama kilomita 14 za mraba, wala hakikukaa mbali baharini kama Unguja au Pemba, bali kimeingia ndani ya pwani hata bara yakaribia kukikumbatia. Mashariki, mbele ya Mji wa Kale, lapita hori la Tudor. Kusini na magharibi yako maji ya Kilindini, yaendeleayo ndani hata Port Reitz. Na kaskazini-magharibi, ambako mahori hayo mawili yakaribia kukutana, pana maji haba ya Makupa. Wenye elimu ya ardhi husema kwamba katika zama za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, bahari ilikuwa chini kuliko sasa kwa zaidi ya mita 100, na mito ishukayo kutoka vilima vya nyuma ya pwani ikachimba mabonde marefu katika jiwe la matumbawe, ikiifuata bahari iliyorudi nyuma. Kisha barafu zilipoyeyuka bahari ikapanda tena, ikayajaza mabonde yale, na kipande cha ardhi kilichobaki katikati kikawa kisiwa. Mito ile ile ndiyo iliyofungua milango, kwa kuwa tumbawe halistawi penye maji matamu na tope, na kwa sababu hiyo ule mwamba uendao sambamba na pwani, uliovunja vyombo visivyo na hesabu, hukatika mbele ya Mvita ukaacha nafasi ya kupita.

Kwa karne nyingi mlango wa mashariki ndio uliokuwa mlango wa riziki. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Bara Arabu, Ghuba na Bara Hindi hayakuhitaji kina kikubwa. Yalihitaji maji matulivu, na ufuo wa kuyapandisha maji yakitoka, ili mabaharia wapate kuyakwangua tumbo na kuyapaka shahamu kabla kusi halijaanza kuvuma na nahodha hajataka kurudi kwao. Hayo yote bandari ya Mji wa Kale iliyatoa, na fauka ya hayo ilitoa ulinzi, kwa kuwa njia ya kuingilia ni nyembamba na yeyote apitaye huwa karibu na nchi kavu. Vasco da Gama, alipofika Aprili 1498 na kuingiwa na shaka juu ya wenyeji, alitia nanga nje, asiingie bandarini, kisha akashika njia ya Malindi. Miaka saba baadaye Francisco d'Almeida alitanguliza chombo cha kupima kina cha mlango, kikapigwa mizinga na wenyeji kutoka ngome yao, lakini kina kikajulikana. Na mara kilipojulikana, mji uliingiliwa, ukaporwa na kutiwa moto.

Lakini udhaifu wa kisiwa haukuwa upande wa bahari. Ulikuwa nyuma, Makupa, ambako maji yakitoka mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Yaliyotokea huko mwaka 1589 ni ya kustaajabisha. Amir Ali Bey, Mturuki, alikuwa amefika Mvita na merikebu zake, na wenyeji wakampokea kwa furaha kwa kuwa walichoshwa na Wareno. Wakati ule ule likatokea barani jeshi la Wazimba, watu wa vita waliokuwa wakipanda na pwani kutoka kusini na kuacha maangamizi kila walikopita, wakapiga kambi ng'ambo ya Makupa wakiutazama mji. Amir akaweka baadhi ya merikebu zake kivukoni kuwazuia, na kwa muda zikatosha, kwani mtu aliye majini hadi kiunoni hana hila mbele ya mzinga. Ndipo zikaja merikebu za Wareno kutoka Goa, zikiongozwa na Tomé de Sousa Coutinho. Hao wakaingia bandarini, wakawashinda Waturuki, wakaziteka hata zile merikebu zilizokuwa zikilinda Makupa. Na kivuko kilipobaki hakina mlinzi, Wazimba wakavuka. Watu wa Mvita wakakimbilia baharini, kwa adui waliyemjua, wakimkimbia adui wasiyemjua, na Amir mwenyewe alikamatwa akapelekwa Ureno. Sijui kisa kingine katika pwani hii ambapo maji machache kiasi hicho yaliamua mambo makubwa kiasi hicho.

Wareno walijifunza, ila walijifunza nusu. Walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliana, waliiweka juu ya jabali la matumbawe penye mlango wa mashariki, na Makupa wakaweka vijiboma tu. Ngome ilikusudiwa kuwalinda wao na njia yao ya Goa, wala haikukusudiwa kukilinda kisiwa. Na hilo lilidhihirika Machi 1696, Waomani walipofika, wakawa ndani ya kisiwa, na Wareno pamoja na wenyeji waliowafuata wakabaki nyuma ya kuta, wakilishwa na vyombo vilivyopenya kutoka baharini mara moja moja. Njaa na maradhi viliua wengi kuliko panga. Ngome ilianguka Desemba 1698, na merikebu za msaada zilipokuja siku chache baadaye zikaona bendera ya Omani, zikageuza.

Na chakula kilitoka wapi nyakati za amani? Bara. Ibn Battuta, aliyepita mwaka 1331, aliona kwamba watu wa kisiwani hawalimi nafaka bali huletewa. Na vizazi vya baadaye vilitegemea mashamba ya ng'ambo na mapatano na Wamijikenda, walioshusha nafaka, pembe na sandarusi.

Kilindini, upande wa magharibi, kulikuwa na kina chote ambacho bahari ingeweza kumpa mwanadamu, na kwa muda mrefu hapana aliyekihitaji. Wakilindini walikuwa na mji wao huko kabla ya kuhamia Mji wa Kale. Zilipokuja merikebu za moshi, zenye matumbo mazito yasiyoweza kulazwa ufuoni, kilichokuwa ziada kikawa hazina: mwaka 1896 reli ya Uganda ilianzia huko, ikavuka Makupa kwa daraja la mbao ambalo Waingereza waliliita Salisbury kwa jina la waziri mkuu wao, ikafika Kisumu mwaka 1901, na katika miaka ya 1920 zikajengwa gati za kina kirefu. Biashara kubwa ikahama kutoka mashariki kwenda magharibi, mwendo ambao mtu angeumaliza kwa miguu kabla adhana mbili hazijafuatana.

Makupa baadaye paliwekwa tuta, gari zikapita na maji yakazuiwa, hata mwaka 2022 likafunguliwa daraja pale ili mkondo upate kupita tena. Likoni ni shauri jingine: kina kile kile kilichozileta meli ndicho kinachowazuia watu wa kusini, kwa kuwa daraja la kudumu la hapo lingelazimika kuinuka juu kuliko meli zote ziingiazo, na mpaka leo msafiri avukaye hapo kwenda Pwani ya Kusini hupanda feri, na meli yenye shehena ya Uganda au ya Kongo ikitokea mlangoni, feri husubiri ipite.