Filisi, Filisika na Muflisi: Historia ya Neno la Madeni

Maneno filisi, filisika na muflisi hutumiwa mara nyingi kana kwamba yote yaeleza jambo moja, yaani kuishiwa na mali. Historia yake yaonyesha vingine. Fukara hana kitu. Muflisi ana wadai. Ndani ya neno hili mna daima watu wawili, na lugha huweza kumdhihirisha wa pili au kumficha.

Asili ya maneno haya ni neno la Kiarabu fals, wingi wake fulus, yaani sarafu ya shaba, ambalo nalo latokana na follis, sarafu ya Dola ya Rumi ya Mashariki. Wanazuoni wa Kiarabu walikifasiri kitenzi aflasa kwa njia mbili: kwamba mtu aliyekuwa na dirhamu za fedha sasa amebakiwa na shaba tu, au kwamba hana hata hiyo shaba. Katika fikihi, kadhi aliweza kumtangaza mdaiwa kuwa muflis, akamzuia kuitumia mali yake, kisha mali hiyo ikauzwa na wadai wakagawiwa kwa kadiri ya madeni yao. Hadithi mashuhuri ya Mtume yalitumia neno hilohilo kwa mtu ambaye, Siku ya Kiyama, thawabu zake zitagawiwa wale aliowadhulumu. Hata huko muflisi hasimami peke yake.

Neno la Kiingereza lenye maana hiyo lina asili ya Kiitaliano, banca rotta, yaani benchi iliyovunjika. Taswira hiyo ni ya mahali pa biashara. Ile ya Kiarabu ni ya mfuko wa mtu.

Kiswahili kilipolipokea shina hili kililitia katika minyambuliko yake. Filisi ni kitenzi elekezi: mtu humfilisi mwenzake. Filisiwa huacha nafasi ya kumtaja mtenda. Filisika hueleza hali tu, na mtenda hutoweka. Aidha, mfilisi ni mwenye kufilisi na muflisi ni aliyefilisika. Baina ya adui hao wawili pana tofauti ndogo mno ya matamshi, na haishangazi kwamba wasemaji wengi huwachanganya.

Historia ya Zanzibar yadhihirisha uzito wa tofauti hiyo. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1873 soko la watumwa lilifungwa, na mwaka 1897 utumwa ukaondolewa kisheria. Wenye mashamba walikopa kwa kuweka rehani, au kwa bei ya khiyari, ambayo ilimpa muuzaji haki ya kulikomboa shamba katika muda uliowekwa. Muda ulipopita, shamba lilikwenda. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku kuhamisha mashamba ya Waarabu na Waafrika kwa watu wa asili nyingine bila idhini. Kusema kwamba wenye mashamba walifilisika ni kueleza msiba. Kusema kwamba walifilisiwa ni kutoa shutuma. Mwanahistoria anayechagua kitenzi kimoja huwa amekwisha kutoa hukumu.

Nchini Kenya, Sheria ya Ufilisi iliyoanza wakati wa ukoloni ilifutwa na sheria mpya ya mwaka 2015, ambayo ilipanua njia za mdaiwa kupatana na wadai wake kabla ya mali kuuzwa. Hata hivyo, Katiba ya 2010 humzuia muflisi ambaye hajaondolewa hali hiyo kuchaguliwa kuwa mbunge. Neno hili, basi, huweza kumnyima mtu haki ya uraia, si mali peke yake.

Kwa hiyo wafasiri wa sheria wana wajibu wa kuyatenganisha maneno haya: muflisi kwa aliyetangazwa na mahakama, mfilisi kwa anayeisimamia na kuiuza mali, na fukara kwa asiye na kitu wala mdai. Magazeti yanaposema chama fulani kimefilisika kimawazo, usemi huo wastahili kuulizwa swali ambalo neno lenyewe limelibeba tangu asili: ni nani anayekidai?