Uwasilishaji wa antijeni

Uwasilishaji wa antijeni ni kazi ya seli za mwili ya kuonyesha, juu ya utando wao wa nje, vipande vya kijidudu kilichoingia mwilini ili seli nyingine za kinga zivitambue. Kwa njia hiyo kinga ya asili, ambayo mnyama huzaliwa nayo, huiamsha kinga ya kupatikana, ambayo hujifunza kumjua adui mmoja mmoja na kumkumbuka. Chanjo nyingi hutegemea kiungo hicho. Katika Afrika Mashariki nguvu zake na udhaifu wake huonekana vizuri kwa ng'ombe, kwa mfano katika mkoa wa Tabora.

Namna unavyofanyika

Kijidudu kikipenya ngozi hukutana kwanza na makrofaji na seli za dendriti. Seli hizi hazikijui kwa jina. Hutambua tu alama za jumla ambazo vijidudu vingi vinazo na mwili hauna. Seli ya dendriti hukimeza, huzikatakata protini zake, kisha husafiri kwa mishipa ya limfu hadi kwenye tezi za limfu, zile ambazo zikivimba huitwa mitoki. Huko huonyesha vipande hivyo vikiwa vimeshikwa na molekuli ziitwazo kwa kifupi MHC. Seli T hupita zikikagua, na ni chache mno ambazo vipokezi vyao hulingana na kipande kinachoonyeshwa.

Kuonyesha peke yake hakutoshi. Seli ya dendriti hutoa pia ishara ya hatari, na huitoa tu ikiwa imegutushwa na zile alama za jumla. Seli T inayoona kipande bila ishara hiyo kwa kawaida hunyamaza, na hivyo mwili haujishambulii ovyo. Hapa hasa ndipo kinga mbili zinapokutana.

MHC za daraja la pili huziamsha seli T saidizi, ambazo huziwezesha seli B kutengeneza kingamwili. Zile za daraja la kwanza zimo karibu katika kila seli yenye kiini, nazo huonyesha kinachotengenezwa ndani ya seli. Seli T za kuua zikiona humo kipande cha kigeni, huiangamiza seli nzima.

Seli za dendriti zilielezwa mwaka 1973 na Ralph Steinman na Zanvil Cohn huko New York. Steinman alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2011, akiwa amefariki siku tatu kabla ya kutangazwa.

Nagana kwenye njia ya misafara

Njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipita katika miombo yenye mbung'o, na mizigo mingi ilibebwa na wapagazi. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu kwenda Ujiji kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani. Ng'ombe walikufa, mizigo ikarudi mabegani mwa watu.

Nagana husababishwa na tripanosoma, vimelea vinavyoishi nje ya seli, katika damu. Uwasilishaji hufanyika na kingamwili hutengenezwa, lakini kimelea kimevaa koti la protini ya aina moja, na kina jeni mamia za makoti mengine. Kingamwili zinapowaua wenye koti la kwanza, wachache waliokwisha kubadilisha huongezeka upya. Ndiyo sababu homa huja na kuondoka, na hadi leo hakuna chanjo.

Ndigana kali

Ndigana kali huletwa na kimelea Theileria parva, kinachoenezwa na kupe wa masikio. Hiki huingia ndani ya seli nyeupe zenyewe na kuzilazimisha kugawanyika. Dalili ambayo wafugaji huitambua mapema ni mtoki chini ya sikio.

Kujificha huko si kamili. Seli iliyoambukizwa huonyesha vipande vya kimelea kwa MHC za daraja la kwanza, na ng'ombe aliyepona hulindwa hasa na seli T za kuua. Kingamwili pekee hazitoshi, kwa kuwa kimelea kikishaingia katika seli hazikifikii.

Chanjo iliyobuniwa Muguga, Kenya, hutumia ujuzi huo kwa namna ya kijasiri: ng'ombe hudungwa vimelea hai na, wakati uleule, dawa ya oksitetrasiklini ya kudumu muda mrefu. Dawa hupunguza ugonjwa, na kinga hupata nafasi ya kuviona vimelea. Kwa kuwa aina tofauti huonyesha vipande tofauti, huchanganywa aina tatu, mojawapo ikiwa na asili ya Serengeti. Dozi lazima zihifadhiwe katika naitrojeni ya maji hadi karibu na zizi, jambo gumu kwa vijiji vya mbali. Ng'ombe aliyechanjwa hupewa hereni ya sikio. Anaweza kuendelea kubeba vimelea bila kuugua, na kupe wakavichukua kutoka kwake.