Damu ya Vena Si Damu Chafu

Neno mshipa tumelibebesha mzigo mkubwa. Mwenye ngiri husema ana mshipa. Asiye na haya huambiwa mshipa wake wa aibu umekatika, na neva wengi wetu bado tunaiita mshipa wa fahamu. Hata ukiongeza "wa damu" hujasema ni upi, na kwa anayemhudumia majeruhi tofauti ni kubwa: ateri kubwa ikikatika, damu huruka kwa kufuata mapigo ya moyo, vena ikikatika, hutiririka tu. Ndiyo maana wanaistilahi waliyapokea maneno hayo mawili, ateri na vena, wakayaandika kama yanavyotamkwa kwetu.

Shida inaanza pale tunapoyafafanua. Darasani, redioni, hata kliniki, utasikia kwamba ateri ni mshipa wa damu safi na vena ni mshipa wa damu chafu. Ufafanuzi huo unakaririka upesi, na mwanafunzi akiuandika kwenye mtihani huenda akapewa alama. Lakini si sahihi.

Tuutazame moyo wenyewe. Ni msuli wenye ukubwa wa ngumi ya mwenye nao, wenye vyumba vinne: viwili vya juu vinavyopokea damu, yaani atria, na viwili vya chini vinavyoisukuma, yaani ventrikali. Ukuta umetenganisha upande wa kulia na wa kushoto, na vali huzuia damu isirudi ilikotoka. Damu kutoka mwilini huingia atria ya kulia kupitia vena kava mbili, ya juu na ya chini, ikashuka ventrikali ya kulia, ikasukumwa mapafuni. Huko huacha hewa ya ukaa na kuchukua oksijeni. Kisha hurudi upande wa kushoto, na ventrikali ya kushoto, yenye ukuta mnene zaidi kwa kuwa kazi yake ni nzito zaidi, huisukuma kwenye aota ili isambae mwili mzima. Kwa mtu mzima aliyetulia, safari hiyo hupitisha takriban lita 5 za damu kila dakika.

Sasa rudi mapafuni. Mshipa unaotoka ventrikali ya kulia umebeba damu iliyopungukiwa oksijeni, na jina lake ni ateri ya mapafu. Mishipa inayorudi kutoka huko, kwa kawaida minne, imebeba damu yenye oksijeni tele, na inaitwa vena za mapafu. Kwa ufafanuzi wa safi na chafu, majina hayo yangepaswa kubadilishana. Mkunga naye anao mfano wake. Anapokagua kitovu cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi huhesabu mishipa mitatu, ateri mbili na vena moja. Na ni ile vena moja iliyokuwa ikimpelekea mtoto damu yenye oksijeni kutoka kwenye kondo la nyuma.

Kinachotofautisha ni mwelekeo. Ateri hutoa damu moyoni. Vena huirudisha moyoni. Mengine yote yanafuata hapo. Ateri hupokea msukumo wa moyo moja kwa moja, kwa hiyo kuta zake ni nene na zinanyumbuka, na ndizo tunazopimia mapigo na presha. Vena zina kuta nyembamba na msukumo mdogo, kwa hiyo nyingi, hasa za miguu na mikono, zina vali. Kati ya hizo mbili zipo kapilari, nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu hupita moja moja, na hapo ndipo mwili unapochukua oksijeni na chakula.

Vali za vena unaweza kuzithibitisha mwenyewe. Teremsha mkono mpaka mishipa ya nyuma ya kiganja au ya kigasha itokeze. Bonyeza mmoja kwa kidole, halafu kwa kidole kingine sukuma damu kuelekea kwenye kiwiko, kisha uachie kidole hicho cha pili. Ukipita penye vali, kipande kilicho kati hubaki bapa, kwa maana damu ya juu haiwezi kurudi chini. Inua kidole cha kwanza, nacho kitajaa papo hapo. Majaribio ya namna hii tabibu Mwingereza William Harvey aliyaeleza katika kitabu chake cha 1628 kuthibitisha kwamba damu huzunguka. Karne nne nyuma yake, Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, alikwisha kuandika kwamba damu huvuka kutoka kulia kwenda kushoto kwa kupitia mapafu.

Na huo uchafu uko wapi? Kwa mtu aliyetulia, damu inayorudi moyoni bado ina karibu robo tatu ya oksijeni yake. Urea, ambayo ni taka kweli, huchujwa na figo, na damu huifikia figo kwa ateri. Kwa hiyo damu yenye urea kidogo kuliko zote mwilini ni ile inayotoka kwenye figo, nayo imo ndani ya vena.

Jina geni lina faida moja: halidai kueleza kitu. Wagiriki wa kale walitumia neno hilo la ateri hata kwa koo la hewa, na baadhi ya matabibu wao waliamini ateri hubeba hewa, kwa kuwa ndani ya maiti walizikuta hazina damu. Kosa lile lilisahihishwa, jina likabaki bila kumdhuru mtu. "Damu chafu" inadhuru. Mgonjwa anayeambiwa ana damu chafu huelewa kuwa ana maradhi, na nje ya geti la hospitali kuna anayemsubiri na chupa ya dawa ya kusafisha damu.

Waandishi wa vitabu vya sayansi, walimu na wauguzi: semeni damu yenye oksijeni nyingi na damu yenye oksijeni kidogo. Ni maneno marefu zaidi, lakini ni ya kweli.