Bamberg, Mji Uliotajwa Mtaa kwa Mtaa

Msafiri aingiaye Bamberg hivi leo, katika nchi ya Franconia kusini mwa Ujerumani, akauona mto Regnitz ukipita baina ya majumba yake na kanisa kuu limesimama kilimani kwa haiba yake yote, huona taabu kusadiki ya kuwa humu humu, zamani za Vita vya Miaka Thelathini, raia waliuawa kwa mamia kwa dhambi ya uchawi ambayo hapana hata mmoja wao aliyeitenda.

Mwezi wa Mei mwaka 1626, mizabibu ilipokwisha kuchipua na nafaka kuinuka mashambani, ilishuka usiku jalidi kali ikaunguza machipukizi yote. Na watu, waliokwisha kudhikika kwa vita na ughali wa chakula, wakataka kumjua aliyewaletea msiba ule. Jalidi haiitwi barazani ikajibu. Jirani huitwa, na mali yake ikatwaliwa. Mwenye dini na dola pamoja alikuwa Askofu Johann Georg Fuchs von Dornheim, naye mwaka 1627 akajenga gereza mahsusi la wachawi, likaitwa Drudenhaus. Hata waziri wake mkuu, Georg Haan, aliyedhaniwa kuwa mpole mno katika kesi hizo, hakusalimika: aliuawa, na mkewe, na binti yake.

Lakini nisomapo habari hizi moyo wangu hutua kwa Johannes Junius, mmoja wa mameya wa mji, aliyekamatwa Juni mwaka 1628, ambaye mkewe alikuwa amekwisha kuuawa kwa tuhuma iyo hiyo. Alikana. Akabanwa vidole gumba mpaka damu ikaruka kuchani, akafungwa mikono nyuma, akavutwa juu kwa kamba na kuachwa aanguke, mara nane. Hata mtesaji mwenyewe akamsihi kwa jina la Mungu azue neno lolote, kwani hawatamwacha mpaka akiri. Basi akazua. Kukiri nako hakukuwatosha mahakimu, walitaka na wenziwe. Na aliposema hawajui, wakamwamrisha aupitie mji kwa ulimi wake, mtaa kwa mtaa, aanzie sokoni, kisha aingie barabara ndefu, ambako hakumjua mchawi yeyote na bado ikamlazimu kutaja watu wanane, kisha avuke daraja la juu. Njia zile zile alizozitumikia akiwa meya, alizowajua wakazi wake mlango kwa mlango, ndizo alizolazimishwa kuzijaza buhtani.

Mambo hayo yalikoma mwaka 1631, amri za Kaisari Ferdinand II zilipokutana na hofu ya majeshi ya Uswidi. Askofu akakimbilia Austria, akafia huko mwaka 1633.

Junius alikwisha kuuawa tangu Agosti 1628. Siku chache kabla yake, kwa mikono iliyovunjwavunjwa, alimwandikia binti yake Veronica barua ya siri, ambayo ingali imehifadhiwa Bamberg, akimweleza ya kuwa yote aliyoyakiri ni uongo. Pembezoni mwa karatasi akaongeza habari za watu sita waliomshuhudia uchawi, waziri Haan akiwa mmoja wao: ya kuwa walilazimishwa kwa mateso kama yeye, na kwamba wote, kabla ya kwenda kuuawa, walimwomba radhi.