Kura Moja ya Chake Chake

Tarehe 17 Januari 1961 Wazanzibari walichagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata viti 10, ZNP, ambayo wengi waliiita Hizbu, viti 9, na ZPPP ya Mohammed Shamte viti 3. Kiti cha Chake Chake, Pemba, kiliangukia Afro-Shirazi kwa tofauti ya kura moja. Moja tu.

Kwa utaratibu ulioletwa na Waingereza, anayetawala ni yule mwenye wajumbe wengi barazani. Macho yote yakawageukia wale watatu wa ZPPP, nao wakagawanyika: wawili wakaenda Hizbu, mmoja akaenda Afro-Shirazi. Kumi na moja kwa kumi na moja. Serikali haikuundika, ikabidi uchaguzi urudiwe.

Kikaongezwa kiti cha 23, na tarehe 1 Juni watu wakarudi vituoni. Afro-Shirazi 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Safari hii ZPPP na Hizbu walikuwa wameshafungamana kabla ya kura, kwa hiyo wakawa 13 na kuunda serikali chini ya Shamte. Hapo ndipo kazi ya chama inapoonekana, kwa maoni yangu: mpiga kura ajue mapema mtu anayemtuma atasimama na nani siku ya kuhesabiana vichwa. Lakini siku hiyohiyo ghasia zilizuka Unguja. Watu 68 waliuawa.

Chuki hiyo haikuzaliwa siku ya kura. Tangu uchaguzi wa 1957, Abeid Karume wa Afro-Shirazi alipombwaga Ali Muhsin wa Hizbu katika jimbo la Ng'ambo mjini Unguja, vyama vilikuwa vimeshaingia dukani na ndani ya basi: mtu hanunui unga kwa asiye wa chama chake, hapandi gari la mpinzani. Mashamba ndiko kulikouma zaidi. Maskwota walikuwa wakilima muhogo wao katikati ya mikarafuu ya mwenye shamba, na kama malipo wakimpalilia miti yake. Halikuwa pato kubwa, lakini ndilo lililolisha watoto. Sasa baadhi ya wenye mashamba wa Hizbu wakawatimua maskwota waliounga mkono Afro-Shirazi. Muhogo ungali ardhini, mtu anaambiwa aondoke. Mtu huyo akienda kupiga kura haendi kuchagua sera. Anatafuta pa kulala.

Julai 1963 viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, ikaambulia viti 13. Kura zake zilirundikana kwenye ngome zake, ikishinda huko kwa maelfu, wakati wapinzani wake walipita kwa tofauti ndogo majimbo mengi. Hizbu 12 na ZPPP 6 wakaungana tena, na Shamte akabaki Waziri Mkuu. Kisheria hapakuwa na kosa. Lakini waliopigiwa kura na zaidi ya nusu ya nchi hawakupewa hata wizara moja, na hilo naliona ndilo kosa kubwa la mwaka ule.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba. Siku 33 baadaye, tarehe 12 Januari 1964, serikali ile ilipinduliwa. Hizbu na ZPPP vikapigwa marufuku, na Afro-Shirazi ikabaki peke yake hadi ilipoungana na TANU, chama cha Tanzania Bara, Februari 1977 kuunda CCM. Kura ya vyama vingi ilirudi Zanzibar Oktoba 1995. Aliyepiga kura 1963 akiwa na miaka 25 alirudi kwenye foleni akiwa na miaka 57.