Mbogo, Badru na Kilima cha Kibuli

Mwaka 1888 Kalema alikalia kiti cha Buganda akatawala kwa jina la Uislamu. Ulipofika mwaka 1900, katika majimbo 20 ya nchi ile Waislamu waliachiwa moja tu, Butambala. Ni watu wachache waliopinduliwa na dunia upesi namna hiyo.

Baada ya kufa Kalema, uongozi uliangukia kwa marehemu Nuhu Mbogo, nduguye Kabaka Mutesa I. Mwaka 1892 alikubali suluhu na Kapteni Lugard, akaja Kampala pamoja na watu wake. Mwaka uliofuata Mbogo alihamishwa Unguja, asirudi hata 1895. Katika Mkataba wa 1900 aliacha dai lake la ufalme, akapewa maili za mraba 24 na pauni 250 kila mwaka. Mtu aweza kunena kwamba aliuza haki yetu. Mimi siafiki. Watu waliokwisha kushindwa walihitaji kwanza mahali pa kukaa na kusali kwa amani, naye aliwapatia, kwa kuacha lililokuwa lake mwenyewe.

Lakini jambo moja halikutengenezwa, nalo ni elimu. Shule zilikuwa za misheni, na mzazi Mwislamu alichelea mwanawe asije akabatizwa. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Basi wenzetu walisoma wakawa makarani na machifu, na wetu wakawa wachinjaji, madereva na wachuuzi. Kazi hizo ni za halali, tena ziliwalisha wengi, ila barazani hazikuwafikisha.

Mbogo alipofariki mwaka 1921, mwanawe Badru Kakungulu, aliyezaliwa 1907, alikuwa angali kijana. Huyu alisoma Budo, shule ya Waprotestanti, akatoka Mwislamu vile vile. Kwa hiyo alipowaambia wazazi kuwa elimu haiondoi imani, walimwona yeye mwenyewe kuwa ushahidi. Mwaka 1944 kikaundwa Chama cha Elimu cha Waislamu wa Uganda, naye Badru akatoa ardhi yake ya Kibuli, Qurani na hesabu zipate kusomeshwa mahali pamoja.

Tangu Mkataba hata chama hicho ilipita miaka 44. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 wakati wa Mkataba alikuwa na 51 chama kilipoanza.