Jamaa wa Blanketi

Juzi nilikuwa soko la Kariokor nikitafuta kiondo cha zawadi. Mtu akanishika bega, akaniita kwa jina langu, na la baba yangu juu yake. Nikafanya tunavyofanya sote: "Aisee! Umepotea sana!" Akatabasamu. "Hunikumbuki." Nikaapa kwamba namkumbuka. Basi akatoa simu akanibipu, na kwenye kioo cha simu yangu pakatokea: Jamaa wa Blanketi.

Aliyasoma maneno hayo tukiwa tumesimama bega kwa bega.

Hapo ndipo kila kitu kilinirudia. Baba alikuwa amelazwa, mimi niko kwenye benchi nje ya wodi nikitetemeka, na jamaa huyu, aliyekuwa akimuuguza mamake, tukajifunika blanketi lake moja hadi alfajiri. Nikamuuliza mama anaendeleaje. Alifariki wiki ileile, akasema. Mwaka wa tatu sasa.

Sikuwa nimesahau tulivyokutana. Nilichosahau ni jina, au tuseme ukweli, sikuwahi kuliuliza.

Hata Kariokor penyewe pana habari hiyo. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na Kariakoo ya Dar es Salaam ni neno hilohilo. Wanaume walibeba unga, risasi na majeruhi hadi ndani ya Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa ya Wajerumani. Mwaka wa 1917 ukaja msako mkubwa, John Ainsworth akiusimamia, na vijiji vikabaki na wanawake, watoto na wazee. Inakadiriwa kuwa wapagazi wapatao 45,000 kutoka Kenya hawakurudi. Risasi ziliwaua wachache. Kuhara, malaria na njaa ndizo zilizowamaliza.

Nilirudi mjini kwa miguu, nikapita Kenyatta Avenue penye ile sanamu ya askari watatu, kama wengi tunavyoiita. Mmoja wao si askari, ni mpagazi. Imesimama hapo tangu 1928. Maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka sanamu yote: hakuna jina hata moja. Mwaka wa 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba angalau watu 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Orodha nyingine zilipotea, sawa. Lakini pia kuna wakubwa walioona kwamba Mwafrika wa kawaida hana haja ya jiwe lenye jina lake. Tukumbuke kwamba serikali hiyohiyo, vita vilipokwisha tu, ilimvisha Mwafrika kipande shingoni, jina na alama za vidole ndani yake. Alipohitajika kazini, jina lake liliandikika vizuri sana.

Kwetu ni kinyume. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo Baba ana jina la mpagazi mmoja. Jina tunalo, linaitwa mezani kila siku. Habari ndiyo hatuna.

Siku hizi nikikutana na mtu nalirudia jina lake papo hapo, namuuliza alipewa na nani, halafu naandika tulikutana wapi na nani alitukutanisha. Watu hupenda kuulizwa habari za jina lao. Wengine huongea mpaka chai ipoe.

Jioni ile nilimpigia Baba, nikamwuliza kuhusu babu yake. Alichoambiwa ni kwamba alichukuliwa asubuhi, mwanawe akiwa bado anabebwa mgongoni. Alipozikwa hapajulikani. Tukanyamaza kidogo.

"Na yule wa blanketi," akasema, "anaitwa nani?"

Nikamtajia. Akalirudia mara mbili, polepole.